Deraya ya Aetosauri: Ushahidi Mwingi, Mitego Mingi

Mwaka 1844 Louis Agassiz, mtaalamu wa Uswisi aliyebobea katika samaki wa kale, alitazama alama zilizoachwa kwenye jiwe la mchanga karibu na mji wa Elgin, kaskazini mwa Uskoti. Zilikuwa safu za vipande bapa vyenye vishimo, kila kimoja kikimpanda mwenzake kidogo. Agassiz alikuwa ameshughulika na magamba ya samaki kwa miaka mingi, naye akaona hapa kuna samaki mwingine. Akampa jina Stagonolepis robertsoni. Mwishoni mwa muongo uliofuata, mifupa zaidi ilipopatikana kwenye miamba hiyohiyo, Mwingereza Thomas Henry Huxley akaonyesha kwamba yule "samaki" alikuwa na miguu minne, alitembea nchi kavu, na alikuwa wa ukoo wa mamba.

Kosa la Agassiz linaeleweka. Tena limerudiwa kwa sura nyingine hadi karne hii, kwa sababu ileile: wanyama hawa walituachia magamba mengi mno na vitu vingine vichache mno. Mtu anayetaka kuwaelewa hana budi kuanza na magamba, na anayeanza na magamba hana budi kujua yanapodanganya.

Stagonolepis ni mmoja wa kundi tunaloliita aetosauri. Waliishi mwishoni mwa kipindi cha Triasi, wakatoweka kipindi hicho kilipofungwa, yapata miaka milioni 201 iliyopita. Visukuku vyao vimepatikana katika mabara yote isipokuwa Australia na Antaktika. Wadogo walikuwa na urefu wa mita moja hivi, wakubwa walifika mita nne au tano. Hawakuwa mamba, wala mamba hawakutokana nao. Ukiuchora ukoo mkubwa wa arkosauri utapata matawi mawili. Moja linaishia kwa ndege, na dinosauri wote wamo humo. Jingine linaishia kwa mamba. Aetosauri wamekaa kwenye tawi la mamba, pembeni, kama ndugu wa ukoo walioondoka bila kuacha kizazi. Kufanana kwao na ankilosauri, wale dinosauri wenye deraya waliokuja baadaye sana, kusikupoteze: hao wako tawi la ndege, na kila upande ulijitengenezea deraya yake.

Sasa tuitazame deraya yenyewe.

Kila bamba lilikuwa mfupa uliomea ndani ya ngozi. Wataalamu huuita osteodemu. Hapa inafaa kutenganisha vitu vitatu ambavyo macho huvichanganya. Magamba ya kakakuona hayana mfupa ndani yake: ni keratini tupu, mata ileile ya kucha na nywele. Gamba la kobe limejengwa na mbavu na uti wa mgongo wenyewe, ndiyo maana kobe hawezi kutoka ndani yake. Osteodemu za aetosauri ni mfupa halisi, lakini mfupa wa ngozi, haukuungana na mbavu wala pingili. Juu yake ilikaa ngozi ngumu ya keratini, kama ilivyo kwa mamba wa leo. Ngozi hiyo iliota mwiba au ukingo uliouzidi ule wa mfupa, na ikaoza. Kwa hiyo mwiba tunaouona kwenye kisukuku ni kiini tu. Mnyama alipokuwa hai ulikuwa mrefu zaidi, na hakuna anayeweza kupima ulizidi kiasi gani.

Mgongoni mabamba yalijipanga katika misururu minne kutoka shingoni hadi mkiani: miwili katikati, kulia na kushoto mwa uti wa mgongo, na mmoja kila ubavu. Ukiikata misururu hiyo kwa upana unapata mishipi, na kila mshipi mmoja ulikaa juu ya pingili moja. Mpangilio huu wa bamba kwa pingili ni jambo la msingi, na utatusaidia tukifika kwenye swali la kazi ya deraya. Mabamba ya katikati yalikuwa mapana kuliko marefu, mara mbili au zaidi, na kwa Typothorax wa Marekani upana ulizidi urefu kiasi kwamba mwili mzima ulionekana duara na bapa ukitazamwa kutoka juu. Mabamba ya ubavuni yalipinda kama kona: nusu yake ililala mgongoni, nusu iliteremka kwenye mbavu, na kwenye pindo ndipo mwiba ulipoota, kwa wale waliokuwa na miiba.

Ukingo wa mbele wa kila bamba ni laini, hauna nakshi. Hapo ndipo bamba la mbele yake lilipolalia, kama vigae vya paa, tofauti ikiwa kwamba paa hili lilipaswa kujipinda kila mnyama alipopiga hatua. Ukanda huo laini ni mwembamba na hauvutii macho, lakini ni moja ya sehemu zinazotazamwa kwanza. Kwa aetosauri wengi umeinuka kuwa kama ufito. Kwa Desmatosuchus na jamaa zake wa karibu umebonyea, uko chini kuliko uso wa bamba. Tofauti ya milimita chache inatosha kuligawa kundi zima.

Nyuma ya ukanda huo ndipo nakshi ilipo. Kuna mabamba yenye vishimo vilivyotawanyika ovyo, kuna yenye mifereji inayotoka kwenye kinundu na kusambaa pande zote, na Paratypothorax ana mifereji mirefu iliyochorwa kwa nguvu hasa. Kinundu chenyewe kinaweza kuwa kitone, ukingo, piramidi au mwiba; kinaweza kukaa katikati ya bamba au kusogea nyuma kwenye ukingo. Scutarx, aliyepewa jina mwaka 2016 na William Parker wa Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest huko Arizona, anatambulika kwa uvimbe wa pembetatu kwenye kona moja ya bamba. Kabla ya hapo mabaki yake yalikuwa yamewekwa kwenye fungu la mnyama mwingine.

Desmatosuchus ndiye anayependwa na wachoraji, na sioni ajabu. Shingoni mabamba yake ni manene lakini si mapana, na ubavuni mwa shingo imejipanga miiba inayozidi kukua kuelekea nyuma, ya mwisho ikitokeza mabegani, mikubwa na iliyopinda. E. C. Case ndiye aliyemtambulisha rasmi mwaka 1920 kutoka Texas. Mnyama wa zaidi ya mita nne, mwenye miiba mabegani na kichwa kidogo kupita kiasi: ukimwona hivi hivi utadhani ni mwindaji wa kutisha, ilhali mdomo wake unasema jambo jingine.

Mdomo huo haukuwa wa kuwinda. Ncha ya pua imebenuka juu na kutanuka, umbo la kitu cha kuchimbulia udongo, na kwa Desmatosuchus mbele hapakuwa na jino hata moja. Meno ya nyuma ni mafupi, yamevimba chini na kuchongoka juu, hayana makali ya kukata nyama kama ya wawindaji wa zama zile. Miguu ya mbele ni mifupi lakini minene. Picha inayopatikana ni ya mnyama aliyechimbua mizizi na mimea laini, na pengine wadudu. Fuvu la aetosauri lina alama nyingine isiyo ya kawaida: tundu la juu la misuli ya taya, ambalo kwa mamba hutazama angani, kwao limehamia ubavuni mwa kichwa. Wanaowachunguza wanyama hawa huifurahia alama hii kwa sababu haichanganyiki na ya mtu mwingine. Tatizo ni kwamba mafuvu ni adimu. Ubao maarufu wa mwamba kutoka Stuttgart, Ujerumani, wenye Aetosaurus zaidi ya 20 waliolaliana, deraya zao zikiwa zimeunganika, ni bahati ambayo haiji mara mbili. Oscar Fraas aliuelezea mwaka 1877, na kundi zima likachukua jina kutoka kwa hao.

Kwingineko mambo huwa hivi: mnyama anakufa, ngozi inaoza, mabamba yanatawanyika. Mwili mmoja ulibeba mamia ya mabamba ukihesabu na yale madogo ya tumboni na miguuni, lakini fuvu ni moja tu. Mto ukipita mara kadhaa, ukakokota na kuchagua kwa uzito, kinachobaki kwenye mwamba ni rundo la vipande vilivyochanganyika vya wanyama mbalimbali. Kule Elgin hali ilikuwa ngumu kwa namna yake: mara nyingi mfupa wenyewe uliyeyuka, jiwe likabaki na uwazi wenye umbo lake, ikabidi kumiminwa kitu laini kinachoganda ili kupata nakala. Alick Walker alitumia nakala za namna hiyo, na maelezo yake ya mwaka 1961 kuhusu Stagonolepis bado yanategemewa.

Mwaka 1985 Robert Long na Karen Ballew walionyesha kwamba mabamba ya aetosauri wa kusini-magharibi mwa Marekani yanaweza kutofautishwa kwa nakshi na umbo hata yakiwa peke yake. Lilikuwa jambo kubwa. Ghafla vipande vilivyokuwa vimelala kwenye droo za makumbusho, vikihesabiwa kuwa takataka za fitosauri, wanyama wa kale waliofanana na mamba, au za kiumbe asiyejulikana, vikapata majina. Na kwa kuwa aetosauri walienea mabara mengi na kila aina iliishi kwa muda fulani tu, watafiti wengine, Spencer Lucas na Andrew Heckert miongoni mwao, wakaanza kuyatumia mabamba kama saa: ukikuta bamba la aina fulani huku na lile lile kule, basi miamba hiyo miwili ina umri mmoja.

Saa hiyo inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba jina la bamba liwe sahihi. Hapo ndipo mitego inapoanza.

Mtego wa kwanza ni mahali. Bamba la shingo, la mgongo na la mkia vya mnyama mmoja vinaweza kutofautiana kuliko mabamba ya mgongo ya wanyama wa aina mbili. Mtu akilinganisha bamba la mkia wa huyu na la kiuno cha yule, atapata "aina mpya" ambayo haikuwahi kuishi. Ndiyo maana maelezo mazuri ya aetosauri huchosha kusoma: kurasa kwa kurasa za kueleza bamba lilikaa wapi kabla hata halijaitwa jina.

Mtego wa pili ni umri. Acaenasuchus geoffreyi wa Arizona ana mabamba madogo yenye vijiiba. Alipotambulishwa mwaka 1995 alihesabiwa kuwa aetosauri, kisha wengine wakasema ni mtoto wa Desmatosuchus tu. Hoja ilikuwa na mantiki: mabamba madogo, miiba, mahali pamoja. Mwaka 2020 uchunguzi mpya uliotumia mifupa mingine ya mwili ukaonyesha kwamba hakuwa mtoto wa Desmatosuchus, na wala hakuwa aetosauri. Alikuwa jamaa wa pembeni, karibu na mnyama aitwaye Revueltosaurus.

Na huyo Revueltosaurus ana kisa chake. Mwaka 1989 alijulikana kwa meno peke yake, na meno yale yalifanana sana na ya dinosauri wala-mimea, kwa hiyo aliorodheshwa kama dinosauri. Mwaka 2004 kiunzi kikaanza kufukuliwa Petrified Forest, na taarifa ikatolewa mwaka 2005: mgongoni mabamba, mguuni kifundo cha aina ya mamba. Dinosauri akafutwa. Athari yake ilivuka mipaka ya mnyama mmoja, kwa sababu orodha nzima ya dinosauri wala-mimea wa Triasi huko Amerika Kaskazini ilikuwa imesimama juu ya meno ya namna hiyo. Safari hii waliodanganya walikuwa meno, na deraya ndiyo iliyosema kweli.

Mtego wa tatu ndio mgumu kuliko yote, nao ni kufanana bila undugu. Mwaka 2024 William Reyes na wenzake walimtambulisha Garzapelta muelleri kutoka Texas, aliyeishi yapata miaka milioni 215 iliyopita. Karibu asilimia 70 ya deraya yake imehifadhiwa, kiwango ambacho wenye kazi hii hukiona mara chache. Mabamba yake ya katikati yanafanana na ya tawi moja la aetosauri. Mabamba ya ubavuni, yenye miiba iliyopinda, yanafanana na ya tawi jingine. Yangepatikana yametawanyika, mtaalamu yeyote mwenye akili timamu angesema hapa kuna wanyama wawili. Maana yake ni kwamba miiba ya ubavuni ilijitokeza zaidi ya mara moja katika kundi hili, na kuitumia kama hati ya undugu ni hatari. Parker alikuwa ametoa tahadhari inayokaribia hiyo mwaka 2016: ukitenga sifa za sehemu mbalimbali za deraya na za mifupa mingine ya mwili, kila fungu linaelekea kuchora ukoo kwa namna yake.

Kwa maoni yangu hili halitufukuzi kutoka kwenye mabamba. Linatuhamisha kutoka juu kwenda ndani. Ukilikata bamba wembamba wa karatasi na kulitazama kwa hadubini, unaona tabaka tatu: mfupa mgumu juu, mfupa wa vijitundu katikati, mfupa mgumu chini. Katika tabaka la chini kuna mistari ya ukuaji, kila mmoja ukionyesha msimu ambao ukuaji ulipungua au kusimama. Kwa njia hii umri wa baadhi ya aetosauri umekadiriwa, na ndiyo iliyotumika pia kwa Sarcosuchus wa Niger, jamaa mwingine wa mamba mwenye ukubwa wa kutisha, ambaye kisukuku kimoja kilihesabiwa mistari 40 hivi. Hesabu hiyo ni ya chini kabisa, kwa kuwa mfupa unavyozeeka hujila ndani na kufuta mistari ya kwanza. Kuna na jambo la kuanza kwake: kwa mamba aina ya aligeta wa leo, mtoto huanguliwa bila mfupa ngozini, na mabamba huanza kuwa mfupa mwaka mmoja hivi baadaye. Bamba na mnyama wake hawakuzaliwa siku moja.

Deraya ilikuwa ya nini? Jibu la haraka ni kujikinga, na si jibu baya. Bamba la aetosauri lenye alama za meno lilielezwa mwaka 2021, na Texas ya wakati ule ilikuwa na Postosuchus, mwindaji mkubwa wa tawi hilohilo la mamba. Lakini kumbuka ule mpangilio wa mshipi mmoja kwa pingili moja. Kwa mamba wa leo, mabamba ya mgongoni yamefungwa na misuli na kano kwenye uti wa mgongo, yakiusaidia kiwiliwili kisilegee mnyama anapoinuka na kutembea. Mabamba hayo yana mishipa ya damu, kwa hiyo hupokea joto la jua, na huachia madini yanayopunguza ukali wa asidi damuni mamba anapokaa chini ya maji muda mrefu bila kupumua. Jike huweza kuchota humo kalsiamu ya maganda ya mayai. Kwa aetosauri hatuwezi kuyathibitisha yote hayo, ila lile la kuubeba mgongo linakubaliana na jinsi mabamba yalivyokaa, na ningelipa uzito sawa na lile la kujikinga.

Huku kwetu aetosauri hajapatikana katika miamba maarufu ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Miamba hiyo, iitwayo tabaka za Manda, ni ya Triasi ya kati, imewatangulia. Ina wakubwa zao. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge alikusanya humo mifupa ya wanyama kadhaa, akiwemo Mandasuchus, wa tawi la mamba, mwenye mabamba mgongoni, na Teleocrater, ambaye hana bamba hata moja lililopatikana. Alan Charig aliwaeleza katika tasnifu yake ya mwaka 1956, lakini Teleocrater alisubiri hadi 2017 kutangazwa rasmi, baada ya mifupa zaidi kufukuliwa Ruhuhu. Matokeo yake yalivuruga jambo ambalo vitabu vililishika kwa miaka: Teleocrater yuko tawi la ndege, karibu na shina lake, na bado kifundo chake cha mguu ni cha aina ya mamba. Kwa hiyo kifundo hicho ni urithi wa matawi yote mawili, ambao dinosauri waliupoteza baadaye. Bado kinatosha kumtoa Revueltosaurus kwenye dinosauri, lakini peke yake hakitoshi kumweka mtu kwenye ukoo wa mamba.

Kuna Mtanzania mwingine, wa baadaye sana. Pakasuchus kapilimai alitangazwa mwaka 2010 na timu ya Patrick O'Connor, kutoka bonde la Rukwa, kwenye miamba ya kipindi cha Kreta yenye umri wa miaka milioni 105 hivi. Jina linataja paka kwa ukubwa na sura yake, na linamuenzi Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa mamba wa nchi kavu, miguu mirefu, meno ya kutafuna yaliyogawanyika kazi kama ya mamalia. Taya lilikuwa limefumba, ikabidi fuvu lipigwe picha za eksirei kwa kompyuta ili meno yaonekane. Mabamba ya kiwiliwili chake yamepungua mno, hali inayokwenda na mnyama mwepesi wa kukimbia. Mkia, hata hivyo, ulibaki umefunikwa kwa mabamba kamili. Kama mvua na mto vingetuachia mkia wake peke yake, leo makumbusho yangekuwa na mchoro wa mamba mzito mwenye deraya mwili mzima.